Kukubali Si Kukubaliana

Katika somo la mofolojia tulifundishwa kwamba kiambishi -an- hubeba maana ya kutendana. Mmoja hupiga, wawili hupigana. Mmoja huandikia, wawili huandikiana. Ni jambo jepesi, na mtihani ulipokuja sidhani kama kuna aliyelikosa. Ndiyo maana nashindwa kuelewa kwa nini tukitoka darasani tunaendelea kuita "makubaliano" karatasi ambayo mmoja ameiandaa na mwenzake ameikubali tu. Hapo hapakuwa na kutendana. Palikuwa na mtenda mmoja, na mtendwa aliyeombwa dole gumba.

Nazungumzia mgawanyo wa mali baada ya ndoa kuvunjika. Kwetu Uganda, kila mtu mwenye busara atakuambia kwamba wanandoa wanaoachana wasikimbilie mahakamani. Wakae, wazungumze, wapatane, wagawane kwa amani. Mchungaji atasema hivyo, shehe atasema hivyo, wazee wa ukoo watasema hivyo, na hata wakili mwaminifu atasema hivyo kabla ya kukutajia ada yake. Wote wanasema kweli. Kesi huchukua muda mrefu. Nauli ya kwenda mjini kila shauri linapoahirishwa si ndogo. Na maneno yanayosemwa mbele ya hakimu na watu waliozaa pamoja hukaa masikioni mwa watoto wao kwa miaka mingi. Mimi si adui wa mapatano. Ninachopinga ni mapatano yanayofanywa kabla mali haijahesabiwa, na katika yale niliyoyashuhudia au kusimuliwa, mengi ni ya aina hiyo.

Dai langu ni fupi. Yeyote anayeombwa kushuhudia mapatano ya namna hii, awe mzee, mwenyekiti wa kijiji, kiongozi wa dini au ndugu, akatae kutia saini mpaka aone mezani orodha ya mali yote na madeni yote ya watu hao wawili. Orodha ikikosekana, aondoke na kalamu yake.

Nitatoa mfano ninaoujua kwa karibu. Mwaka 2019 mama yangu mdogo aliachana na mumewe katika wilaya ya Tororo, baada ya miaka kumi na mmoja ya ndoa. Sababu za kuachana kwao si za insha hii. Kikao kilifanyika alasiri moja nyumbani kwa babu, nami niliyekuwa na miaka kumi na saba nilipewa kazi ya kugawa chai, kwa hiyo nilisikia yote. Wazee walizungumza kwa muda mrefu kuhusu heshima ya koo mbili, na kwa muda mfupi sana kuhusu mali. Karani aliandika kwa Kiingereza, lugha ambayo mama mdogo hasomi, kisha akamsomea muhtasari kwa Kidhopadhola. Ilikuwa mistari tisa. Alipewa cherehani, godoro, vyombo vya jikoni na mbuzi wawili. Mzee mmoja akamwuliza, "Binti yangu, umeridhika?" Akajibu, "Nimeridhika, baba." Angejibu nini kingine, mbele ya wanaume saba, huku bibi akimtazama kwa jicho la kumwomba amalize?

Sasa tazameni kilichokosekana katika mistari ile tisa. Hakikuandikwa kiwanja walichonunua karibu na kituo cha biashara. Haikuandikwa nyumba ya matofali ambayo mume aliianza, lakini mabati yake yalinunuliwa kwa fedha za kushona sare za shule. Haikuandikwa pikipiki ya bodaboda. Na kubwa kuliko yote, halikuandikwa deni. Pikipiki ile ilinunuliwa kwa mkopo wa shilingi 3,000,000 kutoka chama cha akiba na mikopo, na mkopo ulichukuliwa kwa jina la mama mdogo kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwanachama. Siku ya kikao zilikuwa zimebaki shilingi 1,700,000. Pikipiki ilibaki kwa mume "kwa sababu ndiye anayejua kuiendesha." Hayo ni maneno ya mzee mmoja, na hakuna aliyecheka. Mkopo ulibaki kwa aliyetia saini. Chama hakikumjua mume, na kisheria hakikuwa na sababu ya kumjua. Miezi minne baadaye mama mdogo aliuza cherehani ili alipe marejesho. Kwa maneno mengine, kitu alichopewa alikiuza kulipia kitu alichonyimwa.

Watu wengi hufikiri kugawana mali ni kugawana vitu. Madeni pia ni sehemu ya ndoa, na ndiyo sehemu inayosahaulika kwanza. Zamani labda deni lilikuwa ng'ombe mmoja wa jirani ambaye kijiji kizima kilimjua. Siku hizi kuna mkopo wa chama, mkopo wa simu, mkopo wa kikundi cha akina mama ambacho kila mwanachama ni mdhamini wa mwenzake, na ada ya shule inayodaiwa tangu muhula uliopita. Mnaweza kuandika kwenye karatasi kwamba mume atalipa deni la mke. Mkopeshaji hatafungwa na karatasi yenu kama hakuwamo ndani yake; atamdai yule yule aliyemkopesha. Kwa hiyo haitoshi kutaja nani atalipa. Lazima wakubaliane kwanza kitu gani kitauzwa ili deni liishe, au wamfuate mkopeshaji wote wawili waombe mkopo uhamishwe. Mzee asiyejua hilo anaweza kugawa mbuzi kwa haki kabisa na bado akamwacha mtu katika shimo.

Kisha kuna suala la mhuri. Kwetu karatasi ikishapigwa mhuri wa mwenyekiti wa LC1, inatunzwa kama hati takatifu. Naheshimu ofisi hiyo. Ndiyo serikali iliyo karibu zaidi na mwanakijiji. Lakini mhuri unathibitisha kwamba mwenyekiti alikuwepo. Hauthibitishi kwamba kilichoandikwa ni kamili, wala kwamba aliyetia dole alielewa alichosomewa.

Najua baadhi ya wanafunzi wenzangu watanijibu: haya yote yangekwisha kama sheria ingesema nusu kwa nusu. Tulijadiliana hivyo bwenini hadi usiku wa manane. Upande mmoja ulidai nusu. Upande wa pili ulijibu kwa hadithi ile ile ya mwanamke atakayeolewa leo, akae miezi mitatu na kuondoka na nusu ya jasho la mwanamume wa watu. Hofu hiyo si mpya. Mwaka 2013 muswada wa ndoa na talaka ulipojadiliwa katika Bunge letu, hofu hiyo ndiyo iliyojaa redioni na makanisani, na muswada ukawekwa kando. Tangu hapo tunarithishana mabishano yale yale, kizazi hadi kizazi cha bweni.

Pande zote mbili zingesoma kilichoamuliwa zingepunguza sauti. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 31, inawapa mwanamume na mwanamke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Lakini mwaka huo huo wa 2013, katika kesi ya Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haki sawa haina maana ya mafungu sawa bila kuuliza kitu. Kinachotazamwa ni mchango wa kila mmoja, na mchango huo si lazima uwe wa fedha. Wakenya wamefika mahali hapo hapo: sheria yao ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu malezi ya watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango, na Mahakama yao ya Juu ilisema mwezi Januari 2023 kwamba nusu haiji yenyewe. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazungumzia mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni sehemu ya juhudi hizo. Wanaoinukuu kesi hiyo kwa shangwe husahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba alitapanya fedha alizopewa na mumewe.

Kwa hiyo yule wa miezi mitatu alale usingizi. Hakuna anayemgawia mtu nusu kwa kupita mlangoni. Na yule anayengoja nusu yake naye aamke, maana atatakiwa kuonyesha mchango. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mama mdogo ataonyesha nini? Nani hutunza risiti ya mabati kwa miaka minane katika nyumba yenye mchwa? Nani huandikiana hati na mumewe anapompa fedha za saruji? Aliyepalilia mihogo, aliyeteka maji ya kuchanganyia udongo wa matofali, aliyemwuguza mama mkwe mpaka akazikwa, hana karatasi hata moja. Mwenye jina kwenye hati ya kiwanja anayo.

Kwa sababu hiyo naamini mapatano ni mazuri kuliko wanavyofikiri hata wale wanaoyasifu. Hakimu hakuwepo mabati yalipopandishwa. Majirani walikuwepo. Wazee wale saba waliokunywa chai yangu walijua vizuri ni nani aliyeshona sare na ni nani aliyelipa fundi. Wawili kati yao walimsaidia fundi huyo kubeba mbao. Kikao cha kijijini kina ushahidi ambao mahakama ingeutafuta kwa mwaka mzima. Kikiamua kuhesabu, kinaweza kuhesabu hata kisichokuwa na risiti. Na mapatano yaliyohesabiwa vizuri yakipelekwa mahakamani yakiwa na saini za pande zote mbili, yanaweza kufanywa kuwa hukumu, yakapata nguvu ya kutekelezwa. Hasira yangu kwa kikao kile ni kwamba kilijua na hakikuuliza.

Nisidhaniwe naandika kwa ajili ya wanawake peke yao. Baba wa mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu kulisema hili bila kutaja jina, alifanya kazi ya ulinzi katika nchi za Ghuba kwa miaka sita. Kila mwezi alituma fedha za kujenga kwa simu ya mkewe. Aliporudi alikuta nyumba nzuri, yenye vigae, juu ya kiwanja cha shemeji yake. Ndoa ilipovunjika aliambiwa, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba nyumba si yake wala si ya mkewe, kwa hiyo haimo katika mazungumzo. Alikubali, kwa sababu aliona aibu kugombania nyumba na wakwe. Naye pia hakukubaliana na mtu, alikubali tu. Orodha ninayoidai ingekuwa na mstari wa mali iliyo chini ya majina ya ndugu, na mstari huo peke yake ungemfanya shemeji ajieleze mbele ya watu.

Kuna kitu kingine kinachofanya mtu akubali haraka, nacho ni mahari. Mwezi Agosti 2015, katika kesi iliyofunguliwa na MIFUMI, shirika lililoanzia kijijini Mifumi, wilaya ile ile ya Tororo, Mahakama ya Juu iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Ni uamuzi mkubwa, umetoka kwetu, na kwetu ndiko nisikousikia ukitajwa. Katika kikao cha mama mdogo hakuna aliyedai ng'ombe waziwazi. Mjomba wa mume alisema tu, "Tukianza kuhesabu, tutahesabu vyote." Kila mtu alielewa. Babu alikwisha kuwauza wale ng'ombe miaka mingi iliyopita ili alipe ada ya wajomba zangu. Tishio likawa kwake, na shinikizo likashuka kutoka kwake hadi kwa binti yake. Kama mzee mmoja tu angejua kwamba mahakama ya juu kabisa nchini imelifunga dai hilo, angeweza kumjibu yule mjomba: vizuri, tuhesabu.

Nirudi kwa wanaosema orodha huleta ugomvi. Wanasema watu wanaoachana tayari wana uchungu, kwa hiyo ukianza kutaja sufuria na blanketi utachokoza kidonda. Heri mmoja ajishushe, amani ipatikane, watoto walale. Hoja hii nimeisikia kutoka kwa watu wema, na ndiyo inayonikasirisha zaidi, kwa kuwa anayeombwa ajishushe hujulikana kabla kikao hakijaanza. Ni yule asiye na pa kwenda, yule ambaye ukoo wake ulipokea mahari, yule anayeogopa kunyimwa watoto. Tena ugomvi hauishi kwa kutotajwa. Mama mdogo na baba wa watoto wake hawajazungumza tangu pikipiki ile, na watoto hubeba ujumbe kati ya nyumba mbili kama makarani wadogo. Ndoa ambayo mali yake ilihesabiwa inaweza kuacha wazazi wanaoamkiana.

Na kwa kuwa nimewataja watoto: matunzo yao yasichanganywe na mali. Nimesikia mapatano ambamo mke anaachiwa shamba "kwa ajili ya watoto," kisha mume anajiona amemaliza wajibu wake wote, ada na matibabu, kwa heka moja. Shamba ni fungu la mtu mzima. Ada ya mtoto ni deni la wazazi wawili, na linaendelea kila muhula.

Orodha yenyewe haihitaji wakili. Iandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaisoma, au wanaisikia ikisomwa neno kwa neno, si kwa muhtasari. Kila mmoja aeleze alichokuja nacho, walichochuma pamoja, alichorithi au kupewa na wazazi wake, anachodai watu na anachodaiwa. Fedha zilizomo kwenye simu ni mali. Mazao yaliyomo shambani, ambayo hayajavunwa, ni mali. Kisha karatasi ilale. Mtu aende nayo nyumbani, amwonyeshe mtu anayemwamini, arudi baada ya wiki moja aseme ndiyo au hapana. "Ndiyo" inayotolewa alasiri ile ile, machozi yakiwa bado usoni, mimi siihesabu. Wenzetu wa Rwanda wamelisogeza jambo hili mbele kabisa: tangu sheria yao ya mwaka 1999, wanaofunga ndoa ya serikali huchagua siku ile ile kama mali yao itakuwa ya pamoja, ya pamoja kwa yale watakayochuma tu, au ya kila mtu na chake. Hilo peke yake haliondoi ugomvi, lakini angalau swali huulizwa watu wakiwa bado wanapendana.

Sisi hatuulizi hata siku ya harusi, na wengi wetu hatuna harusi yenyewe. Nchini Uganda watu wengi huishi pamoja bila ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya serikali wala ya kimila iliyokamilika, na sheria yetu haiwageuzi kuwa wanandoa kwa sababu ya miaka waliyokaa. Wakiachana hawana talaka ya kuomba. Hata ulinzi uliomo katika Sheria ya Ardhi, unaozuia ardhi ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, umewekwa kwa ajili ya mume na mke waliooana kisheria. Mwanamke aliyekaa na mwanamume miaka ishirini namna hiyo, wakalima pamoja na kujenga pamoja, atakuwa na neno lake na majirani zake tu. Kwake yeye kikao cha wazee ndicho karibu kila kitu alicho nacho, na kikifanya kazi yake ovyo, njia ya kukata rufaa ni nyembamba sana.

Likizo ya Krismasi iliyopita nilimwendea mzee mmoja kati ya wale saba. Nilimsalimu, nikamweleza kwa adabu haya niliyoyaandika hapa, nikamwuliza kwa nini siku ile hawakuuliza habari za kiwanja, mabati, pikipiki na deni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukana kwamba aliyajua. Alisema, "Mjukuu wangu, tungeuliza yote hayo, jua lingezama hatujamaliza."

Basi wangekutana tena kesho yake.